Waliokataa Kula na Gwamaka

Nimerudisha filimbi, mkanda na ufunguo wa ghala, na karani amenipa mkono. Mkufunzi wa mgambo akistaafu hakuna mambo mengi zaidi ya hayo. Vijana mliobaki uwanjani mmeniomba niseme machache kuhusu kazi. Mimi si msemaji. Maneno niliyoyatumia zaidi maishani ni "mguu sawa" na "nyuma geuka", na hayo hayamfanyi mtu kuwa mzungumzaji. Kwa hiyo nimeandika. Vyeo na mishahara nimeviacha, kwa kuwa havina cha kumfundisha mtu. Nitaeleza jinsi nilivyoifahamu kazi, kisha nitaeleza habari za kundi moja la makuruti ambalo hadi leo nalifikiria.

Shuleni niliishia darasa la saba. Mengine nilijisomea kwenye vitabu vya mafunzo vilivyoachwa ghalani. Vingi vililiwa na mchwa katikati, kwa hiyo ninajua vizuri mwanzo na mwisho wa mbinu nyingi za kivita.

Uwanja wetu mnaujua, ule unaopakana na mashamba ya mpunga, ambao masika hugeuka bwawa. Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa viatu vilivyong'arishwa. Mkufunzi mkuu, Afande Mwakatundu, alikuwa peku, suruali ameikunja hadi magotini, anapima kina cha matope kwa bunduki ya mbao.

"Ugonile, afande," nilimsalimia.

"Ugonile. Hivyo viatu vya harusi ni vya nani?"

"Vyangu, afande."

"Vitunze. Utavivaa siku ya kustaafu."

Nilivivaa siku hiyo. Vinabana.

Zana zetu zilikuwa chache. Bunduki za mbao zilichongwa na fundi wa majeneza wa Ndandalo, na labda ndiyo sababu zilikuwa nzito kuliko bunduki za kweli na zilipendeza kuliko zote nilizowahi kushika. Bunduki za kweli zilikaa ghalani, zikatoka kwa ajili ya kusafishwa na siku za shabaha tu. Mwakatundu alinifundisha kuzifungua nikiwa nimefumba macho na kuzisikiliza zinapofungwa. Lakini somo aliloliona kubwa halikuwa la bunduki.

"Mkono wa kuruti usiuangalie akiwa ameshika silaha," aliniambia. "Hapo anajua unamwangalia. Uangalie akiwa kwenye sinia."

Makuruti walikula mchana, kila seksheni na sinia lake la wali na usipa, wale dagaa wa ziwani. Kwa Wanyakyusa jambo hili si dogo. Wazee wetu walijenga vijiji kwa marika, na kijana alihesabiwa kuwa mtu kwa jinsi alivyokula na wenzake. Mwakatundu hakukubali sahani ya peke yake. Wakati mmoja mwalimu wa shule aliyekuja mafunzoni alileta sahani yake ya bati yenye maua. Mwakatundu aliichukua, akaimimina yote kwenye sinia, akamrudishia tupu. "Mwalimu, sahani unayo nyumbani," alisema, akaketi hapohapo akala naye. Nilidhani ni ukali wa mzee. Baadaye nilielewa kwamba ni kipimo.

Kisha biashara zikafunguliwa. Mliozaliwa karibuni hamwezi kuona jinsi jambo hilo lilivyokuwa. Sukari iliyosubiriwa kwa foleni ikaonekana kila kibanda. Mitumba, baiskeli, sabuni na vitenge vikaja, baadhi kwa meli za bandari ya Itungi, vingi zaidi kwa mitumbwi ya Mto Songwe. Maduka ya umma yakafungwa na watu wake wakarudishwa nyumbani. Walioendelea haraka ni wale wenye shangazi Kyela na mjomba Karonga, ng'ambo ya mto, kwa sababu walijua masoko mawili na lugha za pande zote. Wengine waliwatazama. Mwanzoni ilikuwa utani wa sokoni: hawa wana serikali mbili, hawa wana matumbo mawili. Baadaye utani ukakosa kicheko. Ikasemwa kwamba hao ndio wanaoleta magonjwa, ndio wanaologa mashamba ya mpunga, ndio waliofungisha maduka. Likatokea kundi lililojiita Walinda Mto. Wanachama wake walikula kiapo: mtu wa ng'ambo hawatakula naye, hawatamzika, na siku moja watamrudisha kwao.

Lazima niseme jambo moja kuhusu mto huo. Songwe hauheshimu ramani. Ukifurika huacha njia yake ya jana na kuchimba nyingine, na mtu aliyelala Tanzania huamka Malawi pamoja na migomba yake. Walinda Mto waliapa kulinda kitu kisichokaa mahali pamoja.

Mwaka huo ilitangazwa kwamba makuruti wetu watakaofaulu watapewa lindo la kivuko cha mitumbwi, kwa bunduki za kweli na risasi za kweli, kwa sababu ya magendo. Hapo ndipo Walinda Mto walipoleta vijana wao mafunzoni. Jina lao sikulijua bado. Niliona makuruti wenye bidii, wanaowahi, wasiolalamika. Mkufunzi hupenda makuruti wa namna hiyo, na ni haki yake.

Kiongozi wao aliitwa Ambakisye. Alikuwa mtu mzima, aliyewahi kutunza stoo ya duka la umma lililofungwa. Mpangilio wa stoo ulikuwa bado mwilini mwake: alikunja blanketi lake kama kitambaa cha dukani. Alikuwa na shabaha nzuri na sauti nzuri kuliko shabaha, kwa hiyo akawa mwimbishaji wa mchakamchaka.

Kuruti mwingine aliitwa Gwamaka. Baba yake alitoka kwenye familia za wafinyanzi wa pwani ya ziwa. Mama yake, Nyagondwe, alitoka upande wa Karonga. Kila siku ya soko Nyagondwe alivuka pale kivukoni, akienda na vyungu na kurudi na vitenge. Gwamaka alikuwa mkimya, mzito wa miguu lakini mzuri wa kuchimba.

Asubuhi moja, tukikimbia kuelekea Busale, nilisikia ubeti mpya.

"Mto una kingo mbili!"

"Mbili!"

"Mtu ana kwao kumoja!"

"Kumoja!"

"Mwenye mguu ng'ambo!"

"Tumkate!"

Kombania nzima iliitikia. Gwamaka naye aliitikia. Mtu akikimbia hatafakari anachoitikia. Pumzi hufuata mguu na mdomo hufuata pumzi. Ndiyo maana wimbo ni zana, na zana lazima ikaguliwe. Tuliposimama nilimwita Ambakisye.

"Wimbo huu umeutoa wapi?"

"Ni wa mpira tu, afande."

"Mpira gani unaokata watu miguu?"

"Wa Busale, afande."

Walicheka, na kwa kweli jibu lilikuwa zuri. Aliyecheka zaidi alikuwa Asegelile, mchekeshaji wa kombania, aliyemfuata Ambakisye kama mkia. Nikauondoa ubeti ule. Walitii. Waliendelea kuupiga kwa mluzi.

Mchana nilifanya kama nilivyofundishwa, nikaangalia mikono. Gwamaka alipoketi kwenye sinia, walioketi hapo walipata sababu za kuhama. Mmoja alisema jino linamuuma. Mwingine alisema usipa humdhuru, akaenda kuula kwenye sinia la pili. Asegelile hakutafuta sababu.

"Kula, Gwamaka, kula lote. Nyinyi mna matumbo mawili, la huku na la kule."

"La kule lilishiba jana," Gwamaka alimjibu. "Hili la huku ndilo lenye njaa. Sogeza usipa."

Hakuna aliyesogeza. Alinyoosha mkono mwenyewe, akala peke yake kwenye sinia la watu wengi. Mwakatundu alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala na kopo lake la chai. Chai ilipoa mkononi.

Tulikwenda pamoja kwa mkuu wa mafunzo. Alikuwa mtu wa mkoa mwingine, mwenye haki, aliyependa ushahidi, na mimi simlaumu.

"Mwakatundu, kuna sheria ya kumlazimisha mtu ale na fulani?"

"Hakuna, bwana mkubwa."

"Kupiga mluzi?"

"Hakuna."

"Huyo Ambakisye ndiye kuruti bora. Nimemweka awe kiongozi wa lindo la kivuko. Mkiniletea kosa, nitalishughulikia. Mmeniletea wali."

Tukarudi uwanjani. Tulichanganya seksheni, tukaamuru kila mtu ale alipopangiwa. Walikula kama wanaomeza kwinini. Amri hufungua mdomo, lakini utamu wa chakula hauwezi kuuamuru.

Wiki iliyofuata Gwamaka alinikuta nikipaka mafuta bunduki.

"Afande, naomba kuacha mafunzo."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Mama anavuka pale kila soko. Nikiendelea kubaki hapa ninawachokoza. Nikiondoka, labda watamwacha apite."

"Ukiondoka, siku ya soko pale kivukoni atakuwepo nani na bunduki?"

Alizihesabu bunduki kwa macho.

"Wao."

"Basi."

Alichukua kitambaa akaanza kufuta bunduki iliyokuwa karibu yake. Hatukuzungumza tena juu ya kuacha.

Kilichobadilisha mambo hakikutoka kwetu. Asubuhi moja tukiwa kwenye gwaride alikuja mtu na baiskeli kuleta habari ya msiba. Bibi yake Asegelile, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuwa amekufa. Nyumba ya bibi huyo ilikuwa ng'ambo ya Songwe. Hakuhamia kule. Aliolewa na kuzeeka kwenye kiwanja kilekile. Mto ndio uliozunguka ukapita nyuma ya nyumba yake, kati yake na sisi.

Asegelile aliomba ruhusa, nikampa. Muda mfupi baadaye alirudi akasema hatakwenda. Sikumwuliza sababu. Niliingia ghalani kutafuta majembe, na kupitia ukuta wa mbao nikasikia sauti mbili kwenye pipa la maji.

"Uliapa," Ambakisye alisema.

"Niliapa juu ya watu wa ng'ambo, kaka. Yule ni bibi yangu."

"Anakaa ng'ambo."

"Mto ndio ulihama. Yeye hakuhama."

"Ukivuka utakula kule. Ukila umetoka kwetu. Na anayetoka kwetu unajua atafanywaje."

"Nisipokwenda nimekataa msiba wa aliyenilea. Nani atanizika mimi, kaka?"

"Sisi tutakuzika."

"Nyinyi? Wali tu unawashinda, kaburi mtaliweza?"

Ni utani wake wa pekee ambao hakuna aliyeucheka. Kisha nikasikia hatua, na sauti ya tatu. Ilikuwa ya Gwamaka, ambaye alikuwa ameshachukua jembe lake mlangoni bila kuambiwa.

"Asegelile, kaburi halijichimbi. Twende."

Walikwenda. Na sisi tukaenda: Mwakatundu, mimi, na sehemu kubwa ya kombania. Tulivaa nguo za nyumbani, kwa sababu mgambo anayevuka mpaka na sare anaitwa jina jingine. Baadhi ya waliokula kiapo walikuja pia, wakitembea nyuma. Ambakisye alibaki uwanjani. Kutoka mbali tulimwona akifagia mahali palipokuwa safi.

Udongo wa kando ya Songwe ni mchanga. Unachimba na kuta zinarudi. Gwamaka aliingia shimoni akawa anakandika kuta kwa matope na majani makavu ya migomba, jinsi watu wa kwao wanavyokandika tanuri la vyungu. Bila hivyo tungezika saa ya jioni. Asegelile alikuwa juu, akipokea udongo.

Baada ya kuzika, yakaletwa maji ya kunawa, kisha ndizi zilizopikwa kwa nyama ya ng'ombe wa msiba. Kwetu asiyekula hapo amesema, bila kufungua mdomo, kwamba kifo hicho hakimhusu. Mwakatundu aliketi kwenye sinia moja na Gwamaka na mimi. Asegelile alisimama. Wenzake wa kiapo walimtazama. Nyagondwe alikuwa miongoni mwa wanawake waliogawa chakula, kwa kuwa alifahamiana na marehemu, na ndiye aliyempitishia maji.

"Nawa, mwanangu. Bibi yako alinunua vyungu vyangu miaka yote, na kila chungu alikiita kibovu. Nitampata wapi mteja kama yule?"

"Ndaga, mama," Asegelile alishukuru. Akanawa, akaketi, akanyoosha mkono. Gwamaka alisogeza sinia lote upande wake. Mmoja wa wale waliokuja nyuma akaketi, kisha mwingine. Mwakatundu hakuwatazama nyuso. Aliangalia mikono, kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza msimu ule alikula akashiba.

Tulipofika mtoni kurudi, Asegelile alikataa kupanda mtumbwi. Alisema ana neno, na analisemea upande huu kwa sababu upande ule atashindwa. Alisema mbele ya Mwakatundu, mimi na Gwamaka. Yeye na wenzake wa kiapo hawakuja mgambo kwa ajili ya magendo. Walitumwa kuchukua lindo. Siku ya kwanza ya soko wakiwa na bunduki wangefunga kivuko, wangerudisha mitumbwi kwa risasi, na watu wa ng'ambo wenye nyumba upande wetu wangetolewa na vibanda vyao kuchomwa. Wa kwanza alishachaguliwa.

"Nani?" Gwamaka aliuliza.

"Mama yako."

"Kwa nini yeye?"

"Anajulikana. Akianguka yeye, wengine watakimbia wenyewe."

Gwamaka alitazama maji, akakunja suruali yake vizuri, pindo kwa pindo.

"Panda mtumbwi," akamwambia.

Kesho yake Asegelile aliyarudia yote mbele ya mkuu wa mafunzo, na wawili waliokula naye msibani wakayathibitisha. Mkuu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamtazama Mwakatundu. "Safari hii hamkuniletea wali," alisema, na kwa mtu wa aina yake ilikuwa ni kuomba radhi. Ambakisye aliitwa. Hakukana.

"Mlitaka walinzi," alisema. "Tulikuja kulinda."

"Kumlinda nani dhidi ya mwanamke wa vyungu?" Mwakatundu alimwuliza.

"Duka letu lilipokufa, afande, nani alikuja msibani?"

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi. Halihalalishi alichotaka kufanya. Lakini ndilo lililowapa wafuasi, na mkufunzi asiyelisikia atashangaa kila mara wanakotoka watu kama hawa. Kosa lake Ambakisye lilikuwa la hesabu za kwetu wenyewe: aliwafunga vijana wa Kinyakyusa kwa kiapo kilichogusa msiba, karibu na mto unaohamisha mabibi wa watu. Angewaapisha juu ya kitu kingine chochote, nadhani wangeshika.

Alirudisha bunduki yake ya mbao ikiwa imefutwa vumbi, akaondoka pamoja na wenzake. Kilichowapata baadaye hakikuwa kazi yangu, na hakikuwa kikubwa. Lindo la kivuko walipewa Gwamaka, Asegelile na wengine. Siku ya soko ya kwanza Nyagondwe alivuka, mwanawe akamkagua mzigo kama alivyokagua wa kila mtu, naye akamwuliza mbele ya watu kama amemlea ili aje kumpekulia vitenge. Banda la mpunga la Asegelile lilichomwa msimu uliofuata. Hakukamatwa mtu. Gwamaka alimsaidia kujenga jingine.

Mwakatundu alipofariki tulimzika watu wengi sana. Ambakisye alikuja. Alisimama kwenye migomba mpaka mwisho. Hakula.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini wiki iliyopita, nikiwa barazani najaribu kuvipanua vile viatu kwa magazeti, kombania yenu ilipita mbele ya nyumba yangu kwa mchakamchaka. Mwimbishaji alikuwa binti mwenye sauti safi. "Mto una kingo mbili," aliimba, na wote wakaitikia, mpaka mwisho wa ubeti, pamoja na kukata. Nilimsimamisha mkufunzi wenu.

"Wimbo huo mmeupata wapi?"

"Ni wimbo tu wa zamani, mzee. Wameukuta kwa kaka zao."

Alinijibu kwa heshima, na sikuona kwamba anaficha kitu. Nilisubiri mchana, nikaja uwanjani saa ya chakula.

Masinia yalikuwa yamepangwa vizuri, wali mwingi, usipa mwingi kuliko zamani. Kijana mmoja alikuwa ameketi pembeni na sahani yake magotini. Wenzake waliniambia kabla sijauliza: "Anapenda mwenyewe, mzee."

"Unapenda?" nilimwuliza.

Aliwatazama wao kwanza, ndipo akanijibu. "Nimezoea, mzee."

Nilichukua sahani yake, nikaimimina kwenye sinia lililokuwa karibu, nikamrudishia tupu. Nikamwonyesha pa kukaa. Hakuna aliyejisogeza kumpa nafasi. Filimbi nilikuwa nimesharudisha, na amri sina tena. Nikanawa, nikaketi chini karibu naye, nikatia mkono kwenye sinia na kuanza kula taratibu, nikiangalia mikono yao.